Vave Bila Mwitu: Tunavyozifundisha Nyimbo za Wakulima wa Pwani ya Kismayo

Katika miongozo mingi ya fasihi simulizi inayotumika shuleni, na hata katika mihadhara yetu ya mwaka wa kwanza, wawe hupewa mstari mmoja tu. Wawe au vave ni nyimbo za wakulima. Mstari unaofuata ni wa kimai, nyimbo za mabaharia na wavuvi. Kisha huja hodiya, kisha nyimbo za ndoa, na mwalimu husonga mbele kwa sababu silabasi ni ndefu na muhula ni mfupi. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani huandika maneno hayo, hupata alama yake, na hakuna anayemdai zaidi. Wako pia wanaobahatisha. Nimewahi kusahihisha jibu lililosema kwamba wawe ni nyimbo za kuwatakia watu "wawe" na heri. Nilicheka, kisha nikajiuliza kama jibu hilo lina upungufu mkubwa kuliko lile tunalolipa alama kamili.

Makala haya yana ugomvi na mstari huo mmoja. Si kwamba ni wa uongo. Vave kweli ni nyimbo za wakulima. Lakini neno "wakulima" hapo limebeba mzigo usiokuwa wake. Mwanafunzi wa Bungoma au wa Iringa akilisikia huona shamba ambalo tayari ni shamba: matuta, jembe, mahindi yaliyopangwa mistari, pengine ng'ombe wawili wakivuta plau. Akiulizwa wakulima hao huimba lini, atajibu bila kusita kwamba huimba wakilima. Hapo ndipo tunapokuwa tumempoteza, kwa maana vave haihusu jembe. Vave ni utungo wa Wabajuni, watu wa visiwa na mwambao unaoanza kaskazini ya Lamu hadi Kismayo, na wakati wake hasa ni usiku wa kuamkia siku ya kutia moto mwitu uliokatwa. Shamba lenyewe halijazaliwa bado. Kilichopo mbele ya waimbaji ni miti iliyolazwa chini, imekauka, inangoja kiberiti.

Kwa maneno mengine, utungo huu tunaoufundisha kama wimbo wa kilimo ni wimbo wa kuangusha msitu. Katika zama hizi ambapo kila mtahini anataka dhamira ya "uhifadhi wa mazingira", hilo ni jambo zito, na inashangaza kwamba tumelipita kimya.

Wataalamu wetu wakongwe hawakulipita. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu na Ibrahim Noor Shariff, katika kitabu chake Tungo Zetu cha mwaka 1988, waliitaja vave miongoni mwa bahari za ushairi wa Kiswahili, ikisimama pamoja na utenzi, ukawafi, utumbuizo na nyinginezo. Bahari ni neno la heshima. Maana yake ni kwamba utungo huo una umbo lake, mahadhi yake, msamiati wake na mahali pake katika maisha ya watu. Miongozo ya shule ilichukua jina ikaacha bahari. Vave ikashushwa kutoka kwenye ushairi ikatiwa katika fungu la "nyimbo za kazi", na kazi yenyewe haikutajwa.

Katika miaka ya karibuni uhakiki wa kiikolojia umeingia katika idara zetu, na wanafunzi wa uzamili wameanza kuuliza maswali mazuri kuhusu miti, mito na wanyama katika fasihi ya Kiswahili. Jambo la kheri. Ila pale wanapoigusa vave, huwa wanaelekea njia moja kati ya mbili. Wa kwanza humsifu mkulima: huyu ni mtu wa asili, anaimba na maumbile, anaiomba ardhi radhi kabla ya kuiumiza. Wa pili humshtaki: huyu ni mfyekaji na mchomaji, na wimbo wake ni ushahidi kwamba Waafrika walisherehekea uharibifu wa misitu tangu kale. Njia zote mbili zina kasoro moja. Zote zinasoma utungo bila kuisoma kazi.

Tuisome basi kazi. Mkulima wa mwambao huo hakuwa na shamba moja la kudumu. Alichagua kipande cha mwitu upande wa bara, akakikata wakati wa ukavu, pepo za kaskazi zikivuma, kati ya Desemba na Machi. Vichaka na miti midogo vilifyekwa kwa panga, miti mikubwa ilitemwa kwa shoka, na mingine iliachwa imesimama, ama kwa sababu ilikuwa na faida au kwa sababu ilimshinda. Kilichokatwa kiliachwa kikauke. Ilikuwa lazima moto utangulie mvua ya masika. Ukichelewa, mti mbichi na majani yaliyolowa hayashiki, na mwaka mzima umekwenda. Ukiwahi mno, upepo huondoka na jivu lote. Kwa hiyo siku ya kuchoma si siku yoyote. Ni siku iliyopimwa kwa upepo, kwa mawingu na kwa ukavu wa majani, na ni siku ya hatari pia, kwa vile moto haumjui aliyeuwasha. Ukiruka mpaka, unakula mwitu usiokusudiwa, unakula shamba la jirani, na unaweza kumla mtu.

Huo ndio usiku wa vave. Watu wamekusanyika kwa sababu hakuna anayeweza kuchoma peke yake. Wanaimba kwa kupokezana, usiku mrefu, katika lugha iliyojaa maneno ya kale ambayo vijana wao wenyewe huhitaji kufasiriwa. Anayeuchukulia usiku huo kuwa sherehe ya ushindi juu ya msitu hajawahi kusimama karibu na moto wa nyika. Na anayeuchukulia kuwa sala ya upole hajawahi kungoja masika na ghala tupu. Ni usiku wa watu wanaofanya jambo kubwa na wanaojua kwamba ni kubwa.

Baada ya moto huja jivu, na jivu ndilo mbolea. Mtama, mahindi, kunde na ufuta hupandwa humo misimu miwili au mitatu, hadi magugu yanaposhinda na rutuba kupungua. Kisha mahali pale huachwa. Visiki vilivyobaki ardhini vina uhai, huchipua. Mbegu huletwa na ndege na tumbili. Baada ya miaka mingi mwitu umerudi, si ule ule, lakini ni mwitu, na mjukuu anaweza kuukata tena pale alipokata babu yake. Kwa hiyo jambo moja ambalo mhakiki hana budi kulitia akilini ni kwamba vave ni utungo wa mzunguko. Wanaoimba wanatarajia kwamba kutakuwa na mwitu mwingine wa kuimbiwa. Matarajio hayo hayatajwi katika mstari wetu mmoja, ilhali ndiyo yaliyoufanya utungo uweze kurithiwa. Hakuna jamii inayotunga bahari ya ushairi kwa ajili ya kazi itakayofanywa mara moja tu.

Sasa tuingie katika jiografia, jambo ambalo wahakiki wa fasihi hupenda kuwaachia wengine. Fuma ni miongoni mwa visiwa vidogo vilivyopangika kusini ya Kismayo, pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. (Ramani nyingi huandika Tovai na Tula. Wabajuni husema ch pale ambapo sisi tuna t: tatu kwao ni chachu, moto ni mocho. Mwalimu wa isimu ana somo zima la mabadiliko ya sauti katika ramani hiyo moja, bila ya kufungua kitabu.) Visiwa hivi ni matumbawe na mchanga. Vina samaki, kasa, kamba na bandari ndogo za madau, lakini udongo wa kulisha mji hauko. Udongo ulikuwa ng'ambo, barani, na barani palikuwa na mwitu na palikuwa na hatari. Kwa karne kadhaa mashambulizi ya wafugaji waliotoka bara, Wagalla kwanza kisha Wasomali, yaliwasukuma watu wakae visiwani na walime bara. Mtu alivuka kwa dau kwenda shambani kama vile mwingine anavyopanda matatu kwenda kazini. Shamba lake lilikuwa upande wa pili wa maji, na usalama wake ulikuwa upande huu.

Ukilijua hilo, kimai na vave haziwezi kubaki mistari miwili tofauti katika daftari. Huyo huyo aliyeimba kimai ndiye aliyeimba vave. Mgawanyo wa "nyimbo za wavuvi" na "nyimbo za wakulima" umetungwa na watu ambao kwao mvuvi na mkulima ni watu wawili.

Nisieleweke kuwa nawapaka Wabajuni rangi ya malaika. Walikuwa watu wa biashara ya miti kwa muda mrefu. Mtepe, ile jahazi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi badala ya kupigiliwa misumari, ilikuwa sifa yao, na mzigo wake wa kawaida ulikuwa boriti za mikoko zilizopelekwa kujengea nyumba hadi Uarabuni, ambako miti ni adimu. Mikoko ya Lamu na ya vijito vya kusini mwa Somalia ilikatwa kwa ajili ya soko hilo kabla hajazaliwa yeyote kati yetu. Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti za mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na haikufanya hivyo kwa sababu mikoko ilikuwa imezidi. Aidha, katika karne ya 19 kilimo cha mwambao huu kilitumia watumwa, na mwitu mzito wa bonde la Juba ukawa kimbilio la waliotoroka. Wasomali waliliita eneo hilo Gosha, yaani mwituni, na miongoni mwa wakimbizi hao walikuwako Wazigua ambao wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua huko Somalia. Kwa hiyo mwitu uliokuwa hatari kwa mmoja ulikuwa uhuru wa mwingine. Mhakiki anayeandika "msitu ni ishara ya uhai" na kuhamia aya ya pili afikirie tena.

Mzunguko wa vave haukuvunjwa na shoka. Ulivunjwa na bunduki. Upande wa Kenya, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaondoa Wabajuni katika vijiji vyao vya bara, na wengi hawakurudi tena katika mashamba yao ya kuhamahama. Upande wa Somalia, baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, wanamgambo walivishambulia visiwa, wakachukua vyombo na mali, na watu wakakimbia kwa madau hadi Kenya. Wengi waliishia kambini Mombasa. Kizazi kilichozaliwa humo kilijifunza Kiswahili cha Mombasa, kilijua foleni ya mgawo wa chakula, na hakikuwa na mwitu wa kukata wala wa kuacha.

Mwitu ulioachwa bila wenyewe ulipata wageni. Hapa ndipo penye simulizi ambayo magazeti yetu yameieleza mara nyingi, lakini daima kama habari ya ugaidi. Kundi la Al-Shabaab lilishika Kismayo mwaka 2008, na bandari yake ikawa mlango mkuu wa makaa. Mti uliotafutwa zaidi ni mgunga, hasa aina ile ambayo Wasomali huiita galool, mti wa nchi kavu unaokua polepole na ambao makaa yake ni mazito na hukaa muda mrefu motoni. Wanunuzi walikuwa katika nchi za Ghuba, kwa ajili ya nyama choma na shisha. Mnamo Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku makaa yote kutoka Somalia. Miezi michache baadaye majeshi ya Kenya na wapiganaji wa Ras Kamboni waliingia Kismayo na kukuta takriban magunia milioni 4 yamerundikwa. Biashara haikufa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza katika miaka iliyofuata jinsi magunia yalivyoendelea kupakiwa, na ripoti ya mwaka 2014 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na Interpol ilikadiria kwamba Al-Shabaab peke yake ilijipatia kati ya dola milioni 38 na 56 kwa mwaka kutokana na makaa.

Zingatia hesabu nyingine, ya kimyakimya zaidi. Tanuri la kienyeji la udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za mti ili kutoa kilo 1 ya makaa. Gunia moja unaloliona limebeba magunia kadhaa usiyoyaona, yaliyopaa yakawa moshi. Watafiti waliotumia picha za setilaiti kuchunguza kusini mwa Somalia hawakuweza kuhesabu miti yote iliyokatwa, kwa hiyo walihesabu madoa meusi: mahali ambapo tanuri lilikaa, ardhi ikaungua, na hakuna kilichoota. Ni usomaji wa aina yake. Wao pia ni wahakiki, na matini yao ni makovu.

Kuna tofauti gani baina ya moto wa vave na moto wa tanuri? Mwanafunzi mmoja aliniuliza hivyo darasani, na ni swali la haki, kwani mti haujali ulikatwa kwa sababu gani. Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya ardhi. Moto wa shamba hupita juu, huacha jivu palepale, na baada ya miaka michache mahali huachwa papumzike. Tanuri huchukua shina, hupika udongo chini yake, na faida yote hupanda jahazini. Ya pili ni ya watu. Vave inahitaji kundi la watu wanaojuana, watakaovuna pamoja na watakaorudi mahali pale. Mchomaji makaa analipwa kwa gunia. Akimaliza hapa anahamishiwa kule, na anayeamua wapi pakatwe hajawahi kupaona. Nyimbo za kazi huzaliwa mahali ambapo wafanyakazi wana usemi juu ya kazi. Si haki kumlaumu huyo mchomaji kupita kiasi. Mara nyingi naye ni mfugaji aliyepoteza mifugo yake katika ukame, kama ule wa 2011, na gunia ndilo lililobaki kati yake na njaa. Wala si lazima biashara hii iachwe hivi hivi. Fatima Jibrell, Msomali aliyetunukiwa Tuzo ya Goldman mwaka 2002, alipigania suala hilo hilo kaskazini hadi utawala wa Puntland ukapiga marufuku usafirishaji wa makaa mwaka 2000. Ila wasomi wa Kiswahili tunapolitaja jambo hili, ikiwa tunalitaja, tunamsahau mtu aliyekuwa akilima hapo kabla.

Lawama nyingine ni ya lugha, na hii ni yetu sisi moja kwa moja. Vitabu vyetu vya kusoma vinapofika kwenye mada ya misitu huzungumzia "misitu ya mvua" ya Amazon na ya Kongo, wakataji magogo na wakulima wanaofyeka na kuchoma. Sina tatizo na habari hizo. Ni za kweli huko ziliko. Tatizo ni pale zinapogeuzwa kuwa kipimo cha kila mahali. Kismayo hupata chini ya milimita 500 za mvua kwa mwaka. Misitu ya mvua hupata mara tatu au nne ya hizo, na zaidi. Mwitu wa mwambao huu, kuanzia msitu wa Boni unaovuka mpaka wa Kenya na Somalia hadi vichaka vya nyuma ya Kismayo, hauishi kwa wingi wa mvua. Unaishi kwa subira. Ukikatwa wote kwa pamoja, hautarudi haraka kama vile vitabu vinavyotuahidi kwa misitu ya mvua. Kulitumia neno moja kwa yote mawili ni kumnyima mwanafunzi uwezo wa kuona kilicho mbele yake.

Na maneno tunayo. Kiswahili cha kaskazini kina mwitu, ambalo Kiswahili Sanifu kimelisukuma kando hadi limebaki katika "mnyama mwitu" na "nguruwe mwitu" tu. Tuna nyika, pori, kichaka, koko, konde. Kila moja ni hali tofauti ya ardhi na uhusiano tofauti wa watu nayo. Padri Charles Sacleux, ambaye alikuwa mtaalamu wa mimea pamoja na lugha, aliweka katika kamusi yake ya mwaka 1939 majina ya mimea na maneno ya lahaja kwa wingi ambao kamusi zetu za leo hazijaufikia. Ni aibu kidogo kwamba anayetaka jina la mti wa pwani yetu bado inambidi ajue Kifaransa.

Iko riwaya moja ambayo inaelewa mambo haya vizuri kuliko miongozo iliyoandikwa kuihusu. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotoka mwaka 2014 na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kuanzia 2018 hadi 2022, Lunga alikuwa kiongozi wa chama cha kutunza mazingira alipokuwa shuleni. Baadaye, baada ya kuachishwa kazi kwa sababu ya uadilifu wake, anakwenda kulima katika Msitu wa Mamba, na msitu unaangushwa na watu kama yeye. Kisha wanafurushwa. Miongozo mingi humweka Lunga mara mbili: mara moja chini ya "utunzaji wa mazingira" na mara ya pili chini ya "uharibifu wa mazingira", hoja kwa hoja, kana kwamba ni watu wawili waliotokea kuwa na jina moja. Mwandishi hakufanya hivyo. Amemwacha awe mtu mmoja, na uzito wote wa sehemu ile uko hapo: kwamba mtu anaweza kuujua msitu, kuupenda, na kuukata, kwa sababu serikali na soko havikumwachia njia nyingine. Mwalimu aliyekwisha kuisoma vave sawasawa asingepata taabu kumfundisha Lunga.

Nimesema kwamba kuna watu nyuma ya maneno haya. Niongeze mfano mmoja unaowagusa wana isimu. Wabajuni walioomba hifadhi Ulaya, hususan Uingereza, wamepimwa kwa lugha. Mtu hurekodiwa akizungumza, mchanganuzi husikiliza, kisha husema kama huyu ametoka Koyama au ametoka Mombasa. Huulizwa pia maisha ya visiwani: miji, samaki, mashamba. Derek Nurse, aliyekusanya data ya Kibajuni tangu miaka ya 1970 na kuandika juu ya visiwa vyenyewe, alikuwa miongoni mwa walioandika kuhusu ugumu wa upimaji huo. Hebu fikiria kijana aliyezaliwa baada ya 1991, akakulia kambini. Anaulizwa wazee wake walilima nini na walichoma lini. Asipojua neno, anaonekana mwongo. Neno hilo limemponyoka kwa sababu kazi imekwisha, na kazi imekwisha kwa sababu hakuna anayeweza kuvuka kwenda barani. Huyo mchanganuzi anatafuta lahaja. Anachokikuta ni kovu kama lile la setilaiti.

Kwa upande wa darasani, sipendekezi kwamba tuongeze ukurasa mzima wa vave katika kila mwongozo, hautasomwa. Napendekeza tubadilishe mstari. Badala ya "nyimbo za wakulima", tuandike kwamba vave ni utungo wa Wabajuni unaoimbwa usiku kabla ya kuchoma mwitu uliokatwa ili kupanda. Maneno yameongezeka kidogo, na mwanafunzi mwenye akili ataona mara moja kwamba hapo pana swali. Watahini nao wakubali jibu hilo bila kumwambia mtoto kwamba ametoka nje ya mada.

La pili ni la kukusanya, na linawahusu wanafunzi wetu wanaotoka Faza, Kizingitini, Tchundwa, Kiunga na Ishakani, pamoja na wale ambao familia zao zilitoka visiwa vya Somalia. Wengi wenu mnapoandika tasnifu hukimbilia tenzi za kale kwa sababu zina matini tayari. Nendeni likizoni mkiwa na kinasa sauti, au hiyo simu mliyo nayo. Msiombe kwanza kuimbiwa. Mzee akiambiwa aimbe vave sebuleni mchana, pamoja na televisheni, atawapa kitu kingine cha kuwaridhisha. Muulizeni kazi. Walikata upande gani wa mji? Ni mti gani haukukatwa, na kwa nini? Nani aliamua siku ya moto, na aliangalia nini? Walipaacha mahali baada ya misimu mingapi, na walipaitaje palipoachwa? Andikeni neno kama linavyotamkwa, msilisanifishe. Nyimbo zitakuja zenyewe katikati ya majibu, na pale zinapokatika kwa sababu aliyezijua amefariki au hakuvuka nao, andikeni pia kwamba zimekatika hapo.